BIBI JUWAIRIYA (R.A.) NA JINA ALILOPEWA

Majina ya wake watukufu wa Mtume Muhammad (s.a.w.) yameenea katika nyumba za Waislamu kila pembe ya dunia. Ukiingia mji wowote wa pwani ya Afrika Mashariki hukosi kuwakuta akina Khadija, Aisha, Hafsa, Zainabu na Maimuna. Jina la Juwairiya ni adimu. Lipo, na wenye kulitumia hulitamka Juweria au Jueria, walakini waulizwapo maana yake, aghalabu hujibu tu ya kwamba ni jina la mke mmoja wa Mtume (s.a.w.). Jibu hilo ni sahihi, ila ni fupi mno. Bibi huyu hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na Mtume (s.a.w.) mwenyewe, badala ya jina ambalo machoni pa watu lilikuwa zuri zaidi. Sababu ya badiliko hilo yafaa ifahamike, hasa na ndugu waliosilimu karibuni ambao hujiuliza waitwe nani sasa.

Juwairiya latokana na neno la Kiarabu jariya. Asili ya neno hilo ni kwenda mbio au kutiririka kama maji. Ndiyo maana sadaka ambayo thawabu yake haikatiki huitwa sadaka jaria, na Kurani Tukufu imeiita safina ya Nabii Nuhu (a.s.) kwa neno lilo hilo, kwa kuwa ilikwenda juu ya maji. Waarabu wakamwita hivyo msichana, kwa wepesi wake wa kukimbia huku na huko, na wakamwita hivyo pia kijakazi. Sasa, Kiarabu kina njia yake ya kulidogosha neno. Sisi tunasema mlima na kilima, mto na kijito; wao husema jabal na jubail, Hasan na Husain, Umar na Umair. Kwa kanuni hiyo jariya huwa juwairiya, yaani msichana mdogo. Niwafundishapo vijana sarufi ya Kiarabu, huwaonya wasidhani ya kuwa udogo huo daima ni dharau. Mara nyingi ni upole, kama mzazi amwitavyo mwanawe kipenzi.

Jina lenyewe halikuwa jipya Arabuni. Binti mmoja wa Abu Jahli ametajwa kwa jina hilo, na binti wa Abu Sufyani pia. Tena msomaji asistaajabu akilikuta jina hili kwa mwanamume: katika kitabu cha Imamu Bukhari yumo msimulizi wa Hadithi aitwaye Juwairiya bin Asma, mtu wa Basra. Hata hivyo, aliyelipa jina hili heshima miongoni mwa Waislamu ni mwanamke mmoja tu.

Huyo alikuwa binti wa Harithi bin Abi Dhirari, mkuu wa Banu Mustaliki. Watu hawa walikuwa tawi la kabila la Khuzaa, nao walikaa kati ya Makka na Madina, upande wa kuelekea pwani ya Bahari ya Shamu. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Barra. Katika mwaka wa 5 wa Hijra (wengine wasema wa 6), habari zilifika Madina ya kwamba Harithi anakusanya watu ili aishambulie. Mtume (s.a.w.) hakuridhika na uvumi, alimtuma Buraida bin Husaibi aende akahakikishe. Habari zilipothibitika, Waislamu walitoka, wakakutana na watu hao penye maji yaitwayo Muraisii. Vita havikuwa virefu. Banu Mustaliki walishindwa, baadhi yao wakauawa, akiwamo Musafii bin Safwani, mume wa Barra. Waliosalia walichukuliwa mateka pamoja na ngamia na kondoo wao.

Mfikirie, msomaji, binti huyo katika saa ile. Umri wake ulikuwa yapata miaka 20. Asubuhi alikuwa binti wa mkuu na mke wa mtu. Jioni alikuwa mjane na mateka. Kwa desturi ya vita vya zama zile, iliyofuatwa na makabila yote, mateka waligawanywa, naye akaangukia fungu la Thabiti bin Kaisi, Answari wa Madina. Hapo ndipo tunapoiona tabia yake. Hakukaa akilia. Alifanya mapatano na Thabiti ya kuununua uhuru wake kwa fedha, na inasimuliwa ya kwamba thamani waliyopatana ilikuwa wakia 9 za dhahabu. Mapatano ya namna hii huitwa mukataba, na Kurani Tukufu, katika Sura An-Nur, imewaamuru Waislamu wayakubali mateka wanapoyaomba, na zaidi ya hayo wawasaidie kwa mali. Mtu achunguzaye habari za Islamu asiipite aya hiyo haraka: ilimpa mateka mlango wa kutokea, na ufunguo akawa nao yeye mwenyewe.

Barra alikuwa na mapatano, lakini hakuwa na dhahabu. Akaenda kwa Mtume (s.a.w.) kuomba msaada. Habari ya siku hiyo imesimuliwa na Bibi Aisha (r.a.), naye ameisimulia kwa unyofu unaostaajabisha. Akiri kwamba alipomwona mwanamke huyo mlangoni alichukia kuja kwake, kwa vile alivyokuwa mzuri wa sura, akahisi ya kuwa Mtume (s.a.w.) ataona aliyoyaona yeye. Barra alijieleza kwamba yeye ni binti wa Harithi, mkuu wa watu wake, na ya kuwa msiba uliompata haufichiki, kisha akaomba asaidiwe katika deni lake. Mtume (s.a.w.) akamwuliza iwapo angependa jambo bora kuliko hilo: amlipie deni lote, kisha amwoe akiwa mwanamke huru. Naye akakubali.

Habari ilipoenea mjini, Waislamu walitazamana. Mikononi mwao walikuwamo watu wa Banu Mustaliki, na sasa watu hao wamekuwa wakwe wa Mtume (s.a.w.). Watawezaje kuwaweka wakwe wa Mtume wao katika utumwa? Hakuna amri iliyotolewa. Kila mmoja aliwaacha huru waliokuwa kwake, bila ya fidia, na idadi iliyosimuliwa ni jamaa wa nyumba 100. Bibi Aisha (r.a.), yule yule aliyechukia kumwona mlangoni, ndiye aliyeshuhudia kwamba hakumjua mwanamke aliyekuwa na baraka kubwa zaidi kwa watu wake kuliko Juwairiya.

Imepokewa kwamba baba yake alikuja Madina na ngamia wa kumkombolea, na njiani, katika bonde la Akiki, akawaficha wawili waliompendeza. Mtume (s.a.w.) alipomwuliza habari za ngamia wale wawili, Harithi alitambua ya kuwa hapana aliyemwona ila Mungu, akasilimu. Na masimulizi mengine yaeleza kwamba binti alipewa hiari ya kurudi kwao na baba yake, naye akachagua kubaki.

Sasa turudi kwenye jina. Barra maana yake ni mwema, mcha Mungu. Ni la shina moja na birri, neno ambalo Kurani Tukufu imelitumia kwa wema wa kweli. Nani angelikataa jina kama hilo? Lakini Mtume (s.a.w.) alilibadili, akamwita Juwairiya, na sababu mbili zimepokewa. Ya kwanza, hakupenda isemwe kwamba ametoka kwa Barra, kwani msikiaji angefahamu ya kuwa ametoka penye wema akauacha. Ya pili yaonekana katika habari za wanawake wengine wawili waliokuwa na jina hilo hilo, Zainabu binti Jahshi na Zainabu binti Abi Salama, ambao nao walibadilishiwa: mwanadamu asijitakase nafsi yake, maana Mungu ndiye ajuaye nani aliye mwema. Hivyo yule ambaye kwa ajili yake nyumba 100 ziliachwa huru hakuitwa Mwema. Aliitwa Msichana Mdogo. Na nyumba zile zilipata uhuru wao pasipo sifa hiyo kuwa katika jina lake.

Ndugu uliyesilimu, huenda umeambiwa ya kwamba kusilimu hakutimii mpaka ubadili jina lako. Sivyo. Masahaba wengi mno walibaki na majina waliyopewa na wazazi wao kabla ya Islamu: Umar, Uthmani, Khadija na Bilali ni miongoni mwao, na Maria wa Misri pia alibaki Maria. Yaliyobadilishwa yalikuwa majina yenye shirki, mfano wa yale yaliyomfanya mtu kuwa mtumwa wa sanamu, au yenye maana mbaya, au yenye kujisifu. Binti mmoja wa Umar (r.a.) aliitwa Asiya, yaani mwasi, akaitwa Jamila. (Akina mama wenye jina la Asia wasifadhaike. Jina la mke wa Firauni aliyeamini laandikwa kwa herufi nyingine, ingawa sikio la Mswahili halizitenganishi.) Tena hapakuwa na kulazimishwa. Mtu mmoja aitwaye Hazni, yaani ardhi ngumu, alishauriwa na Mtume (s.a.w.) ajiite Sahli, yaani laini, akakataa kuliacha jina la baba yake, naye aliachwa nalo. Mjukuu wake, mwanachuoni mkubwa Said bin Musayyabu, alikuwa akisema kwamba ugumu ule haukuwatoka katika ukoo.

Jina jipya halikumwondolea Bibi Juwairiya kila taabu ya ugeni. Baada ya kufariki kwa Mtume (s.a.w.), Khalifa Umar (r.a.) alipopanga posho za kila mwaka kutoka hazina, inasimuliwa kwamba aliwawekea wake wa Mtume dirhamu 12,000 kila mmoja, ila Juwairiya na Safiya aliwawekea 6,000. Wote wawili walikuwa wamekuja kutoka kwa maadui walioshindwa vitani, nao walikataa kuzipokea. Umar akaeleza ya kwamba wale wengine wamezidishiwa kwa sababu ya kuhama kwao kutoka Makka. Wakamjibu kwamba hakuwapa kwa ajili ya kuhama, bali kwa cheo chao kwa Mtume (s.a.w.), na cheo hicho wanacho wao sawasawa. Umar aliiona haki, akawapa 12,000 kama wenzao. Kwa maoni yangu, tukio hili ladhihirisha moyo wa Bibi huyu kuliko hata ile siku ya mlangoni. Aliyekuwa mateka hakuomba huruma. Alidai alicho nacho, na Khalifa aliyeogopwa na wafalme akamsikiliza.

Nyumbani kwake maisha yalikuwa ya ibada na ya uchache. Siku moja Mtume (s.a.w.) aliuliza kama kuna chakula, na kilichopatikana kilikuwa mfupa wa nyama ya kondoo, ambao mwanamke mmoja aliyeachwa huru naye alikuwa amepewa kama sadaka. Siku nyingine, Ijumaa, alimkuta amefunga. Akamwuliza kama jana yake alifunga, au kama amekusudia kufunga kesho. Aliposema la, akamwagiza afungue, kwa kuwa haifai kuipambanua Ijumaa peke yake kwa saumu.

Na ipo Hadithi katika kitabu cha Imamu Muslim inayojulikana zaidi ya zote alizozisimulia. Mtume (s.a.w.) alitoka kwake alfajiri akamwacha mahali pake pa sala, aliporejea jua limekwisha panda alimkuta pale pale, angali akimtaja Mungu. Akamwambia kwamba tangu alipotoka amesema maneno machache, mara tatu, ambayo yangepimwa na yote aliyoyasema yeye tangu asubuhi yangekuwa mazito zaidi. Maneno hayo ni ya kumsabihi Mungu na kumsifu kwa hesabu ya viumbe vyake, kwa kadiri ya radhi yake, kwa uzito wa Arshi yake, na kwa wino wa maneno yake. Mwalimu yeyote wa madarasa aweza kukufundisha kwa Kiarabu chake; ni mafupi, hata mtoto huyahifadhi kwa siku moja.

Bibi Juwairiya (r.a.) alifariki Madina katika mwaka wa 50 wa Hijra (670), akiwa na umri wa miaka 65, wengine wameandika mwaka wa 56 (676). Marwani bin Hakam, aliyekuwa gavana wa mji, ndiye aliyemsalia jeneza, naye akazikwa Bakii.