Bibi Salme: Picha ya Unguja iliyopigwa Hamburg

WENGI wanaomfahamu Sayyida Salme binti Said wanamfahamu kwa picha moja. Humo anaonekana mwanamke kijana mwenye kanzu ya nakshi, suruali, kitambaa kichwani na vito vingi. Wengi hudhani ilipigwa katika kasri la Unguja. Ukweli ni kwamba ilipigwa Hamburg, Ujerumani, baada ya binti huyo kubatizwa na kuitwa Emily Ruete.

Salme alizaliwa Agosti 30, 1844, katika kasri la Mtoni. Baba yake alikuwa Sultani Seyyid Said. Mama yake, Jilfidan, suria wa Kicherkesi. Mabinti walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika alijifunza mwenyewe kwa siri. Ujuzi huo ulimponza mwaka 1859, alipoandika barua za kaka yake Barghash katika njama za kumpindua Sultani Majid, kaka yao.

Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, alitoroka kwa manowari ya Waingereza hadi Aden. Walifunga ndoa huko Mei 1867, kisha wakaenda Hamburg. Mwaka 1870 Ruete alikufa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo.

Katika Ulaya ya karne hiyo, mavazi ya mwanamke pichani yalitangaza mali na hadhi ya nyumba yake. Wanawake wa Mashariki, kwa upande wao, mara nyingi walichorwa kwa njozi. Mfaransa Ingres alichora suria wa kasri mwaka 1814 bila kufika Mashariki. Watazamaji waliozoea michoro hiyo ndio waliomtazama Salme. Lakini vazi lake halikuwa njozi, lilikuwa la kwao. Kigeni kilikuwa uso ulio wazi, kwani Unguja binti wa Sultani alivaa barakoa mbele ya wanaume wasio jamaa zake.

Mwaka 1885 alirejea Unguja kudai urithi, lakini Barghash, wakati huo Sultani, alikataa kumpokea. Mwaka uliofuata alichapisha kwa Kijerumani kumbukumbu za maisha yake, akieleza kwa kalamu yake mambo ya kasri ambayo picha haikuweza kuyasema.

Alifariki Jena, Februari 29, 1924. Alizikwa Hamburg pamoja na mfuko mdogo wa mchanga wa Unguja, aliokuwa ameuhifadhi miaka yote ya ugenini.