MAREHEMU EDWARD SAIDI TINGATINGA: JIRANI YETU ALIYEFANYA UCHORAJI KUWA KAZI

Kwa mtu aliyekulia Nachingwea au Ruangwa, neno tingatinga halihitaji maelezo. Ni lile dude la chuma linalong'oa miti na kusawazisha ardhi. Wazee wetu waliliona kwa macho yao katika ule mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951 baada ya zaidi ya pauni milioni 35 kupotea. Hivyo si ajabu kwamba kijana wa huku akisikia habari za picha za Tingatinga hudhani zimepewa jina la mashine hiyo. Sivyo hata kidogo. Tingatinga ni jina la mtu. Tena ni mtu wa kusini kama sisi, jirani yetu wa upande wa Tunduru.

Nimeona yafaa habari zake ziandikwe katika gazeti letu hili, kwa faida ya wanafunzi walioko shuleni sasa na kwa kuwakumbusha ndugu zangu tuliokwisha kutoka. Maisha yake yalikuwa mafupi, na kazi iliyompa jina aliifanya kwa muda wa miaka minne tu au karibu na hapo. Lakini katika miaka hiyo alianzisha kazi ambayo mpaka leo inalisha watu wengi mjini Dar es Salaam na kwingineko.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Nakapanya, wilaya ya Tunduru. Ukitoka Nachingwea ukapita Masasi na Mangaka kwenda Tunduru mjini, unapita Nakapanya njiani. Wazazi wake walikuwa wakulima wasiokuwa na mali. Jina lake lenyewe linabeba dini mbili, la Kikristo na la Kiislamu, jambo ambalo kwetu kusini halimshangazi mtu, kwa maana nyumba nyingi zina ndugu wa pande zote mbili wanaozikana na kusherehekea pamoja. Tingatinga lilikuwa jina la ukoo, alilorithi kwa baba yake. Shule aliisoma madarasa machache ya msingi tu, kama ilivyokuwa kwa watoto wengi wa wakati ule, kisha akarudi shambani.

Katikati ya miaka ya 1950, akiwa kijana, aliondoka nyumbani kwenda Tanga kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge. Njia hiyo ilikwisha kukanyagwa na vijana wengi wa kusini, wale walioitwa manamba. Fedha ya kodi na ya nguo haikupatikana kijijini; ilipatikana kwa kukata mkonge wa watu mbali na nyumbani. Wako waliorudi na baiskeli na wako wasiorudi kabisa. Tingatinga hakudumu katika mkonge. Miaka ya 1950 ilipokuwa inakaribia kwisha alihamia Dar es Salaam, akapata kazi ya utumishi wa nyumbani kwa Mwingereza mmoja.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, waajiri wa namna hiyo walianza kufunga mizigo, na watumishi wao wakabaki bila kazi. Katika miaka iliyofuata Tingatinga aliishi kama wanavyoishi vijana wengi wa mjini wasio na cheti. Alifanya vibarua, aliuza mboga na matunda, na alipiga muziki. Hakuna aliyemtazama siku hizo akadhani kwamba jina lake litakuja kuandikwa katika vitabu.

Huko Dar es Salaam kulikuwa na picha za kuchora zilizoletwa na wachoraji kutoka Kongo, zikinunuliwa na wageni. Tingatinga alizitazama picha hizo, akaona kwamba kuchora ni kazi ambayo mtu anaweza kuifanya akapata chakula. Mwaka 1968 akaanza. Umri wake ulikuwa miaka 36. Hakupitia chuo cha sanaa, hakuwa na mwalimu, na hakuwa na fedha za kununua rangi za wachoraji wala vitambaa vyao.

Namna alivyolitatua tatizo hilo ndiyo sehemu ambayo ningependa wanafunzi wetu waizingatie sana. Badala ya kitambaa, alitumia hadibodi, zile mbao nyembamba za kukandamizwa wanazotumia mafundi kwa dari. Akazikata vipande vya mraba, vingi vikiwa na upana wa sentimita 60 hivi. Badala ya rangi za wachoraji, alinunua rangi ya kung'aa inayopakwa baiskeli, iliyokuwa ikipatikana dukani katika vikopo vidogo. Rangi hiyo haichanganyiki kwa urahisi kama zile za wachoraji, na inachelewa kukauka. Basi naye akachora kwa namna inayokubaliana na rangi yenyewe. Kwanza alipaka ubao mzima kwa rangi moja. Ulipokauka alichora mnyama mmoja mkubwa wa kujaza nafasi, chui au tembo au swala, mwenye mistari ya wazi. Kisha akamalizia kwa madoa, macho na manyoya, rangi juu ya rangi. Umaskini wa vifaa ndio uliozaa mtindo. Watu wa nje walipoona wanyama wale wenye macho makubwa na rangi kali walidhani ni ufundi wa siri. Kumbe kiini chake ni mtu aliyejua vizuri kikopo chake cha rangi kinaweza nini na hakiwezi nini.

Pili, alijua mahali pa kuuza. Hakukaa uswahilini akingoja mnunuzi amfuate. Alipeleka picha zake Oyster Bay, karibu na duka la Morogoro Stores, mahali walipokuwa wakifika wageni kununua mahitaji yao. Wageni hao walikuwa mabalozi, wataalamu na wake zao. Picha zilipangwa nje, chini ya mti, mpita njia azione. Mkewe, Agatha, waliyeoana mwaka 1970, alishiriki katika kuuza. Picha zenyewe zilikuwa ndogo za kutosha kuingia katika sanduku la safari, na bei yake ilikuwa ya kulipwa hapo hapo bila kufikiri mara mbili.

Inafaa kujiuliza kwa nini alichagua wanyama na ndege wa porini. Kwao ni mpakani. Mwaka 1964 vita vya ukombozi wa Msumbiji vilianza ng'ambo ya Ruvuma, na sisi wa Nachingwea tunajua kwamba wapiganaji wa FRELIMO walikuwa wakifunzwa hapa hapa kwetu. Angeweza kuchora bunduki, askari na ndege za vita. Katika nchi nyingine hiyo ni kazi kamili. Wako wachoraji wanaoishi kwa kuchora ndege za kijeshi, kwa rangi na kwa penseli, na kuwauzia marubani na vikosi vyao.

Mmoja wao alikuwa Mwingereza David Shepherd, aliyezaliwa mwaka 1931, mwaka mmoja kabla ya Tingatinga. Habari zake zinatupa mwanga. Alikuja Kenya akiwa kijana, mwishoni mwa miaka ya 1940, akitaka kazi ya kulinda wanyama pori, akakataliwa. Akafanya kazi hotelini Malindi, akachora picha za ndege wa porini na kuziuza apate nauli ya kurudi kwao. Uingereza akajifunza uchoraji na kujulikana kwa picha za ndege za jeshi. Mwaka 1960 jeshi la anga la Uingereza lilimleta Nairobi. Wanajeshi hawakutaka picha ya ndege zao, maana ndege walikuwa wakiziona kila siku. Walitaka picha ya wanyama wa Afrika. Akawachorea kifaru katika uwanja wa ndege, na tangu hapo wanyama wakawa kazi yake kubwa. Katika safari hiyo hiyo aliona, katika nchi yetu iliyokuwa bado Tanganyika, pundamilia wengi waliokufa kwenye maji yaliyotiwa sumu, na mpaka alipofariki mwaka 2017 alitumia fedha za picha zake kuwatetea wanyama.

Basi watu wawili wasiojuana, mmoja mchoraji wa jeshi la anga mwenye turubai na mafunzo, mwingine kijana wa Tunduru mwenye kikopo cha rangi ya baiskeli, waligundua jambo moja: mnunuzi hanunui kile anachokiona kila siku. Tofauti ni kwamba Shepherd alikuwa na jeshi la kumlipia safari. Tingatinga alikuwa na mti wa kumpa kivuli.

Baada ya muda serikali nayo iliiona kazi yake. Kampuni ya umma ya kuuza kazi za sanaa, iliyokuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, ilianza kununua picha zake. Wakati huo alikuwa pia ameajiriwa kama msaidizi wa wauguzi katika hospitali ya Muhimbili, akichora kwa muda uliobaki. Mimi kama mtumishi wa serikali naona hapo somo kwetu sisi wa ofisini. Mtu huyu hakuinuliwa na mpango wa mtu. Alijiinua, ndipo mpango ukamfuata.

Kazi ilipozidi hakuificha. Aliwaita vijana wa ukoo wake na wa kwao kusini, akawafundisha. Miongoni mwao walikuwa January Linda, Adeusi Mandu, Casper Tedo, Ajaba Abdallah na Simon Mpata. Walijifunza kwa kukaa naye, kwa kutayarisha mbao, kwa kujaza rangi mahali alipokwisha kuchora mstari, mpaka kila mmoja akaweza kusimama peke yake. Huo ndio utaratibu wetu wa siku nyingi wa kumfunza kijana ufundi, iwe uhunzi au uchongaji.

Mwaka 1972, jijini Dar es Salaam, Edward Tingatinga alikuwa ndani ya gari pamoja na rafiki zake. Polisi waliwadhania wahalifu, wakafyatua risasi. Tingatinga akafa. Hakuwa mhalifu. Alikuwa na umri wa miaka 40, amemwacha mke na watoto wadogo, na picha za wanyama wake zikiwa zimekwisha kusambaa katika nyumba za watu wa mataifa mengi.

Hapo ndipo kazi hiyo ingekwisha, kama angekuwa ameifungia kifuani mwake. Haikwisha, kwa sababu wanafunzi wake waliendelea kuchora mahali pale pale. Nao wakafundisha wengine, na hao wakafundisha wengine tena. Mwaka 1990 chama chao kiliandikishwa kuwa ushirika, na mpaka leo wachoraji wa ushirika huo wako Oyster Bay, hatua chache kutoka pale alipoanzia marehemu. Simon Mpata alihamia Nairobi, akafariki mwaka 1984, na Wajapani walimpenda kiasi cha kuipa hoteli moja ya Maasai Mara jina lake.

Hata hivyo si kila kitu ni cha kufurahia. Picha ambazo marehemu aliziuza kwa shilingi chache sasa zinauzwa ng'ambo kwa fedha nyingi, wala faida hiyo haimfikii mtu wa Nakapanya. Wako waliochora na kuandika jina lake kwenye kona ya picha ambayo hakuigusa. Sheria inalinda picha ya mtu lakini hailindi mtindo, hivyo mtu yeyote duniani anaweza kuchora chui wa Tingatinga na kumuuza. Watalii wanaobeba picha hizo uwanja wa ndege wengi wao hawajui kama jina hilo lilikuwa la mtu aliyeishi na kufa. Wako hata Watanzania wasiojua, na wengine wako shuleni kwetu.

Kwa hiyo nawasihi wadogo zangu mnaosoma sasa. Wengi wenu mtaondoka Nachingwea na Ruangwa kwenda mjini, kama alivyoondoka yeye, na baadhi yenu mtafika huko bila kazi ya kungoja. Msione haya kuanza na kilichopo mkononi. Jifunzeni kukijua vizuri. Pelekeni kazi yenu mahali mnunuzi anapopita, andikeni majina yenu juu yake, na mkipata wafundisheni wengine mapema, kwa maana hakuna ajuaye siku zake.

Mpango wa karanga ulikuja kwetu na mashine za kila aina, ukaleta na reli, na kabla ya miaka 20 kupita hata reli hiyo haikuwapo. Tingatinga wa chuma alishindwa. Tingatinga wa Nakapanya, mwenye brashi na kikopo cha rangi ya baiskeli, kazi yake ingali hai.

Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi. Amin.