John Wesley: Mtumishi Aliyelala Mapema

Mwaka 1753 John Wesley, mhubiri wa Uingereza, aliugua sana akiwa na miaka 50. Aliona safari imefika mwisho, hata akajiandikia maneno ya kuwekwa kaburini. Lakini Mungu alikuwa hajamalizana naye. Aliinuka, akahubiri miaka mingine mingi, akafa 1791 akiwa na miaka 87.

Mazoea yake yalikuwa ya kawaida tu. Alilala mapema, akaamka saa kumi alfajiri kuomba. Ijumaa alifunga. Alisafiri kwa farasi huku akisoma kitabu njiani. Mwaka 1747 alitoa kitabu cha tiba rahisi kwa ajili ya maskini, akiwahimiza wale kwa kiasi na wafanye mazoezi.

Sasa wewe unakesha na simu mpaka saa nane usiku, asubuhi unakemea pepo la uchovu! Mpendwa, hilo si pepo, ni usingizi. Wiki hii zima simu saa tatu, lala, amka uombe, kisha utembee kidogo. Huo mwili Roho anakaa ndani yake. Utunze. Amina.