Nuhu Mbogo na Kilima cha Ngome

Mtu akikaa Busia au Malaba, upande huu wa Kenya, hakosi kusikia habari za msikiti mkubwa wa Old Kampala. Madereva wa malori kutoka Mombasa hungoja hapa karatasi zao zipite forodhani, na baada ya sala ya Isha mazungumzo hayaishi. Wako wanaousifu msikiti ule kwa ukubwa wake na mnara wake. Wako pia wanaouliza kama ilikuwa haki kuiondoa ngome ya kale ya Lugard kutoka kilimani ili msikiti upate nafasi. Hapo ndipo sauti hupanda.

Mimi ni mtu wa pwani niliyehamia mpakani kwa ajili ya kazi, na mabishano hayo nimeyasikia mara nyingi. Jambo moja limenishangaza. Watu humtaja Lugard, humtaja Idi Amin, humtaja Gaddafi, lakini jina la Nuhu Mbogo halitajwi hata kidogo. Na mtu huyu ndiye ambaye maisha yake yanafungamana na kilima kile kuliko wote hao watatu. Kwa hiyo, ndugu msomaji, naona ni vyema leo tumkumbuke.

UKOO WA KABAKA

Mbogo alikuwa mwana wa Kabaka Suna wa Pili, mfalme wa Buganda aliyefariki mwaka 1856. Kwa hiyo alikuwa nduguye Mutesa, aliyerithi kiti baada ya baba yao. Ni katika zama za Suna, mwaka 1844, ambapo mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika baraza ya Buganda na kumweleza mfalme habari za Mwenyezi Mungu. Baada yake walifuata wengine kutoka Unguja na Mrima, wakiwa na nguo, bunduki na misahafu. Watu wa pwani, basi, ndio waliopanda mbegu ya Uislamu katika nchi ile.

Mutesa aliipenda sana dini hii. Kuanzia mwaka 1867 hivi alifunga Ramadhani kwa miaka kadhaa, akahimiza watu wake wasalimiane kwa salamu ya Kiislamu, na akajenga msikiti ndani ya uzio wa jumba lake. Lakini msikiti huo ndio ulioleta fitina ya kwanza. Mfalme alitaka kuongoza sala, na yeye hakuwa ametahiriwa, kwani mila ya Buganda ilikataza damu ya mfalme kumwagika. Vijana waliosoma dini walikataa kusali nyuma yake. Walisema kadhalika kwamba msikiti ule haukuelekea kibla, na wakakataa kula nyama iliyochinjwa jumbani. Mutesa alikasirika, na mwaka 1876 vijana wapatao 70 waliuawa, wengi wao kwa kuchomwa moto huko Namugongo.

Kila mwaka, siku chache kabla ya tarehe 3 Juni, sisi tulio hapa mpakani huwaona mahujaji wa Kikristo wakivuka Busia na Malaba, wengine kwa miguu, kwenda Namugongo kuwakumbuka mashahidi wao waliochomwa mwaka 1886. Ni wachache wanaojua kuwa mahali pale pale, miaka kumi nyuma, Waislamu walikwisha kufa kwa sababu ya dini yao.

Mbogo aliyapitia yote hayo. Kuwa mwana wa mfalme katika Buganda ya wakati ule kulikuwa hatari kuliko kuwa mtumwa, maana kila aliyekalia kiti aliwaogopa ndugu zake. Mbogo alisilimu, akaitwa Nuhu, na akanusurika. Kama Nabii Nuhu, naye alivuka gharika.

VITA VYA DINI

Mutesa alifariki mwaka 1884, na mwanawe Mwanga akatawala. Mwezi wa Septemba 1888 Waislamu na Wakristo waliungana wakamfukuza Mwanga, wakamweka Kiwewa. Haikupita hata miezi miwili, Waislamu wakawatoa Wakristo mjini. Kiwewa alipokataa kutahiriwa alipinduliwa, akawekwa Kalema, ambaye alikubali na akaitwa Rashid. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi Buganda ikawa na mfalme Mwislamu.

Lakini utawala huo ulikuwa wa damu. Kalema aliwaua jamaa zake wengi wa ukoo wa kifalme kwa hofu ya kupinduliwa. Wakristo walirudi na Mwanga, na mapema mwaka 1890 Waislamu walishindwa kabisa, wakakimbilia mpakani mwa Bunyoro, kwa Kabarega. Huko Kalema alikufa kwa ndui. Ndipo Waislamu wakamchagua mzee wa ukoo, Nuhu Mbogo, awe kiongozi wao.

Tazama basi hali aliyoirithi. Wafuasi wake walikuwa wakimbizi, wenye njaa, wenye jamaa waliokufa, na bunduki zisizo na baruti ya kutosha. Mwezi wa Mei 1891 walipigwa tena vibaya. Mtu mwenye pupa ya ufalme angeendelea kupigana mpaka mtu wa mwisho. Mbogo hakufanya hivyo.

KUINGIA KILIMANI

Mwezi wa Desemba 1890 Kapteni Lugard wa Kampuni ya Kiingereza alifika Buganda akajenga ngome juu ya kilima kidogo, karibu na jumba la mfalme la Mengo. Kilima hicho wenyeji walikiita kwa jina la swala pala waliokuwa wakilishwa hapo, na ndilo lililozaa jina la mji wa Kampala. Mtu wa pwani hawezi kuacha kutabasamu akisikia kwamba kilima cha swala wa mwituni leo ni kilima cha swala ya jamaa.

Sasa, ngome ile ilishikwa na nani? Hapa ndipo wabishani wetu wengi hukosea. Mwaka 1891 Lugard alikwenda magharibi akawachukua askari wa Kisudani walioachwa na Emin Pasha, wakiongozwa na Selim Bey. Hawa walikuwa Waislamu, nao ndio asili ya Wanubi wa Uganda na wa Kenya. Bunduki za Mwingereza zilishikwa na mikono iliyotawadha mara tano kwa siku.

Mwaka 1892, baada ya Wakristo wa pande mbili kupigana wao kwa wao huko Mengo, Lugard alitaka amani na Waislamu. Mbogo hakuwa na sababu ya kumwamini Mzungu. Aliyemtuliza moyo ni Selim Bey, Mwislamu mwenzake. Mbogo akatoka porini, akaingia Kampala, akakutana na Mwanga, mwana wa nduguye, waliyekuwa naye vitani. Makubaliano yalikuwa kwamba Mbogo aache kudai ufalme na akae Kampala, na Waislamu wapewe masaza matatu: Butambala, Gomba na Busuju.

Wapo waliomwona kuwa amesalimu amri. Mimi naona alinunua uhai wa watu wake kwa bei ya taji lake.

UHAMISHONI UNGUJA

Amani hiyo haikudumu. Mwaka 1893 Waislamu walinung'unika kwamba wanalazimishwa kazi chini ya machifu wa Kikristo, na Selim Bey akasikika akiwatetea. Kapteni Macdonald, aliyekuwa akishika madaraka, aliogopa kwamba askari wa Kisudani wataungana na Waislamu wa Buganda. Selim Bey alikamatwa akapelekwa pwani, akafia njiani Naivasha. Waislamu walipigwa, wakabakiwa na saza moja tu la Butambala. Na Mbogo, ambaye hakuongoza vita hivyo, alipelekwa uhamishoni Unguja.

Alikaa huko hadi mwaka 1895, katika zama za Sultani Hamad bin Thuwaini. Fikiria mzee huyu wa ukoo wa Kabaka, aliyejifunza dini kwa watu waliotoka Unguja, sasa yuko Unguja penyewe kama mfungwa wa Waingereza, akisikia adhana kutoka misikiti ya mawe.

Aliporudi, mtihani mwingine ulimngoja. Mwaka 1897 askari wa Kisudani waliasi huko Ravine, wakapita nchi hii ya magharibi mpaka Busoga, wakaishika ngome ya Luba. Wakati ule hapakuwa na Kenya na Uganda hapa Busia na Malaba. Hadi mwaka 1902 nchi yote mpaka Naivasha ilihesabiwa kuwa Uganda. Waasi walimtaka Mbogo ajiunge nao, awe mfalme wa dola ya Kiislamu. Baada ya yote aliyotendewa na Waingereza, nani angemlaumu kama angekubali? Alikataa. Alikwisha kuona Waislamu wakizikwa makundi kwa makundi, na hakutaka kuona tena.

MKATABA WA 1900

Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 unamtaja kwa jina. Alipewa maili za mraba 24 za ardhi kwa ajili yake na wafuasi wake, na pauni 250 kila mwaka maisha yake yote, kwa sharti kwamba haki yoyote anayoweza kuidai ameiacha kwa serikali. Linganisha na Wakristo: misheni tatu zilitengewa maili za mraba 92. Dini ya Kiislamu haikupata fungu la namna hiyo. Ardhi ya Waislamu ilipitia mkononi mwa Mbogo na machifu wenzake.

Hapa ndipo ninapoona ukubwa wa mtu huyu. Kilima cha Kibuli, alikokuwa na makao yake, kikawa kiini cha Uislamu wa Uganda. Mbogo alifariki mwaka 1921, na mara Waislamu wakagawanyika juu ya sala ya Ijumaa, kama isaliwe peke yake au ifuatwe na Adhuhuri. Lakini mwanawe, Badru Kakungulu, aliyezaliwa mwaka 1907 na kufariki mwaka 1991, alikua akashika nafasi ya baba yake na kuitoa ardhi ya Kibuli kwa msikiti na shule. Jiwe la msingi la msikiti liliwekwa mwaka 1941, na ukakamilika mwaka 1951. Hakuna aliyeweza kusimama na kusema ardhi ile ilinyang'anywa fulani. Ilikuwa ya mwenyewe, naye akaitoa kwa Mungu.

NGOME NA MNARA

Old Kampala ni habari nyingine. Mwaka 1972 Idi Amin aliunda Baraza Kuu la Waislamu wa Uganda akalipa kilima kile. Ujenzi ulianza, ukasimama, na jengo likakaa miaka mingi bila kumalizwa. Gaddafi wa Libya ndiye aliyegharamia kulimaliza, na mwezi wa Machi 2008 msikiti ulifunguliwa rasmi. Katika kazi hiyo ngome ya Lugard iliondolewa mahali pake, na mfano wake ukajengwa kando, ndani ya uwanja wa msikiti.

Wapenda historia walilalamika, na hawakulalamika bure. Ngome ile ndipo utawala wa Kiingereza ulipoanzia, na ndimo jumba la makumbusho la Uganda lilimozaliwa mwaka 1908. Wengine waliona ni sawa alama ya mkoloni ing'oke. Wengine waliona Waislamu wanafuta historia ya nchi.

Maoni yangu ni kwamba pande zote mbili zimesahau jambo. Anayesema msikiti ni mgeni kilimani amesahau kwamba askari wa Kiislamu walisali pale tangu siku za Lugard mwenyewe, na kwamba Mbogo alifika pale kutafuta amani. Na anayesema ngome ilikuwa ya Mzungu tu, kwa hiyo iende zake, amesahau kwamba akiifuta ameifuta pia alama ya Selim Bey na ya Mbogo. Ngome ile ilikuwa sehemu ya historia yetu Waislamu, chungu na tamu pamoja. Ingefaa tuwe wa kwanza kuililia.

Kadhalika kuna somo la ardhi. Zawadi ya mtawala hubeba jina la mtawala, na akianguka yeye, zawadi huanza kuulizwa maswali. Ardhi aliyoitoa mtu kutoka katika haki yake mwenyewe haina mwenye kuiuliza. Hapa mpakani miji inakua, viwanja vinapanda bei, na kila dini inatafuta mahali pa kusalia. Kabla ya kuchimba msingi, tuulize ardhi ni ya nani, jirani yetu ni nani, na chini ya udongo huo kuna kumbukumbu ya nani. Hilo halipunguzi imani; linaulinda msikiti na midomo ya watu kwa miaka mia.

Mbogo aliukosa ufalme mara mbili, mara moja kwa kuuacha na mara ya pili kwa kuukataa. Wengi wa wafalme waliomzunguka walikufa ugenini au kwa maradhi, Mwanga akifia Shelisheli mwaka 1903. Yeye alikufa nyumbani, akiacha nyuma yake kilima na watu wa kusali juu yake. Mwenyezi Mungu amrehemu.