Sikio Kwanza, Kalamu Baadaye

Kwa miaka mingi nimefundisha isimu huku nikiidharau imla, nikidai kuwa anayenakili hafikiri. Maisha ya Mozart, mtunzi wa muziki aliyezaliwa Salzburg mwaka 1756, yamenisuta. Kwa mujibu wa barua ya babake, kijana huyo akiwa na umri wa miaka 14 alisikia huko Roma zaburi iliyotiwa muziki na Allegri, yenye sauti hadi tisa, akaiandika kwa kumbukumbu tu. Afanyaye hivyo hana budi kupambanua kila sauti na kazi yake. Mwishoni mwa 1777 aliisikiliza okestra mashuhuri ya Mannheim, akavutiwa na klarineti. Mwaka uliofuata, huko Paris, akazitia katika simfoni yake kwa mara ya kwanza. Mwaka 1789 aliupangia ala upya utungo wa Handel, Messiah, akiongeza za kupuliza. Alifariki mwaka 1791, akiwa na miaka 35 tu. Je, nani atathubutu kumwita mwigaji? Walimu wenzangu, tuirejeshe imla darasani. Awezaye kuandika alichosikia leo, kesho ataandika ambacho hakijasikika.