Jim Gray: Mlinzi wa data aliyemezwa na bahari

JIM Gray, aliyezaliwa San Francisco, Marekani, mwaka wa 1944, alijitolea kuhakikisha kuwa pesa zinazotoka akaunti moja hazipotelei njiani kabla ya kufika nyingine.

Akiwa katika kampuni ya IBM miaka ya 1970, alishikilia kuwa muamala sharti ukamilike wote au ufutwe wote. Usalama huo una gharama. Kabla ya muamala kuthibitishwa, kumbukumbu yake huandikwa kwenye diski, nayo diski ni kobe mbele ya kompyuta. Anayeingiza rekodi 10,000, kila moja kwa muamala wake, huisubiri diski mara 10,000. Akizifunga katika muamala mmoja, hungoja mara chache mno. Ila umeme ukikatika katikati, hurudia zote.

Mwaka wa 1998 alipokea Tuzo ya Turing. Januari 28, 2007, alitweka tanga peke yake kuelekea visiwa vya Farallon kumwaga majivu ya mamake. Hakurejea. Marafiki walichunguza picha za setilaiti bila mafanikio, na mnamo 2012 mahakama ikamtangaza marehemu.