Georges Vézina, Mlinda Lango Mkimya

Hoki tuijuayo sisi huchezwa majanini. Lakini Kanada, nchi ambayo wakati wa baridi maji ya mito yake huganda yakawa magumu kama sakafu, watu huicheza juu ya barafu. Wachezaji huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini ya soli, wakateleza kwa mbio na fimbo mikononi, wakigombania kisahani cheusi cha mpira mgumu. Kisahani hicho kikipigwa kwa nguvu huruka kama jiwe la teo, na mwenye kazi nzito kuliko wote ni yule asimamaye langoni kukizuia. Katika walinda lango wa zamani, jina la Georges Vézina ni katika yale yatajwayo mwanzo.

Alizaliwa tarehe 21 Januari 1887 katika mji wa Chicoutimi, jimbo la Quebec, kwa watu wasemao Kifaransa. Baba yake alikuwa mwoka mikate. Georges alianza kulinda lango tangu utotoni, lakini kwa miaka mingi alisimama barafuni na viatu vya kawaida, na vile vya vyuma hakuvizoea mpaka alipokuwa kijana mkubwa. Labda ndiyo sababu alizoea kusimama wima na kutulia, akaifanya fimbo yake itende kazi badala ya kukimbia huku na huko.

Mwezi wa Februari 1910 timu mpya ya Montreal Canadiens ilifika Chicoutimi kwa mchezo wa kirafiki. Wageni hao walikuwa wachezaji wa kulipwa, na wenyeji wao wachezaji wa mtaani tu. Hata hivyo wageni walirudi kwao bila ya kupata bao hata moja. Aliyevutiwa zaidi alikuwa Joseph Cattarinich, naye ndiye aliyekuwa mlinda lango wa Canadiens. Mtu huyo, badala ya kuona kijicho, alishauri kijana yule achukuliwe, na nafasi aliyompisha ilikuwa ni yake mwenyewe. Waungwana wa namna hiyo ni wachache katika kila mchezo. Ilipofika tarehe 31 Desemba 1910 Vézina akasimama langoni mwa Canadiens kwa mara ya kwanza.

Tangu siku hiyo hakukosa mchezo hata mmoja kwa miaka 15. Ipime kazi hiyo, ewe msomaji. Walinda lango wa zama zile hawakuvaa kinga ya uso. Desturi ya kuivaa ilianza kushika mizizi mwaka 1959 kwa Jacques Plante, naye pia wa Canadiens. Tena mpaka mwanzoni mwa 1918 sheria ilimkataza mlinda lango kujiangusha ili azuie kisahani. Ilimpasa asimame wima, apigwe atakapopigwa. Vézina alisimama. Tarehe 18 Februari 1918 akawa wa kwanza katika Ligi ya Taifa ya Hoki kumaliza mchezo bila ya kufungwa, pale timu yake ilipoishinda Toronto kwa mabao 9 kwa bila.

Kombe la Stanley, ambalo ndilo kilele cha mchezo huo, alilitwaa na wenzake mwaka 1916 na tena 1924. Usiku wa ushindi wa 1916 mkewe alijifungua mtoto wa kiume, naye akaitwa Marcel Stanley. Wakati usio wa michezo Vézina alirudi Chicoutimi kwenye kiwanda chake cha kutengeneza ngozi.

Kwa utulivu wake magazeti yalimpa lakabu ya Tango la Chicoutimi, kwani Waingereza humfananisha mtu asiyebabaika na ubaridi wa tango. Maneno yake yalikuwa machache mno, na penye mkimya wasemaji hawakosi. Meneja wake, Leo Dandurand, alieneza habari kwamba Vézina alikuwa na watoto 22, na habari hiyo ikaaminiwa miaka na miaka. Kweli ni kwamba aliacha wana wawili.

Kimya kina mshindo mkuu, walisema wazee. Lakini wazee hao hao walisema pia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Msimu wa mwaka 1925 ulipokaribia, Vézina alikuwa amekonda sana, wala hakulalamika kwa mtu. Tarehe 28 Novemba 1925 aliingia barafuni na homa kali, Canadiens wakicheza na timu ya Pittsburgh. Kipindi cha kwanza hakufungwa. Cha pili kilipoanza akaanguka. Huo ulikuwa mchezo wake wa 328 wa ligi mfululizo, mbali na 39 ya kugombania makombe, na ndio uliokuwa wa mwisho.

Waganga waliona kuwa ni kifua kikuu, na kimekwishaenea. Dawa ya kukiponya haikuwako. Ile ya kwanza, streptomaisini, iligunduliwa mwaka 1943. Vézina alirudi Chicoutimi, akafariki hospitalini tarehe 27 Machi 1926, umri wake miaka 39. Msimu huo Canadiens walimaliza wa mwisho miongoni mwa timu 7.

Wenye timu, Cattarinich akiwa mmoja wao, walitoa kikombe cha kumkumbuka, apewe mlinda lango aliyefungwa mabao machache kuliko wenzake. Wa kwanza kukipata, msimu wa 1926 hadi 1927, alikuwa George Hainsworth, aliyeshika nafasi ya Vézina katika Canadiens. Kikombe hicho kingali kikitolewa, na siku hizi hupewa yule anayehesabiwa kuwa bora msimu ule.

Wengi humsifu Vézina kwa kucheza na homa. Sisi twamsifu kwa ile miaka 15, ila ile homa twaionea huruma. Kifua kikuu huenda kwa pumzi hadi kwa walio karibu, na chumba cha kubadilishia nguo ni kidogo. Ustahimilivu langoni ni sifa. Mbele ya maradhi, hata mkimya hapaswi kunyamaza.